Butembo-Beni: Kulenga vizuri katika Free Fire ni kazi ya kidole, si ya programu za kununua kwenye WhatsApp

Katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu ya Kaskazini, mashindano ya vijana ya jioni hayako tena kwenye uwanja wa mpira peke yake. Yako pia kwenye kioo cha simu, katika michezo ya kupiga risasi kama Free Fire ya kampuni Garena ya Singapore, iliyotoka mwaka 2017, PUBG Mobile ya 2018 na Call of Duty: Mobile ya 2019. Kati ya wachezaji, swali linalorudi kila mara ni moja: simu ipangwe namna gani ili risasi ifike kichwani? Swali hilo linaonekana dogo, lakini nyuma yake kuna biashara inayoweza kumaliza pesa za jamaa nzima.

Free Fire ilitengenezwa iweze kutembea hata kwenye simu za nguvu ndogo. Wachezaji 50 wanashuka kisiwani, na kwa karibu dakika kumi anabaki mshindi mmoja au kundi moja. Ndiyo maana inawafaa wenye simu za Tecno, Itel na Infinix, alama tatu za kampuni moja ya China, Transsion. Lakini mwenye simu ya bei ndogo akipigwa na mwenye simu ya bei kubwa, anaamini kwamba mwenzake ana siri fulani katika mipangilio.

Mipangilio inasaidia wapi

Mpangilio wa kwanza ni ule wachezaji wanaoita sensibilite, yaani wepesi wa alama ya kulengea kufuata kidole. Ikiwekwa juu sana, mchezaji akivuta kitufe cha kupigia kwenda juu, alama inapita kichwa na kwenda angani. Ikiwekwa chini sana, inakwama kifuani. Namba nzuri haifanani kwa wote, kwa kuwa inategemea ukubwa wa kioo, mwendo wa simu na mkono wa mwenyewe. Namba iliyomfaa mchezaji wa Brazil mwenye simu ya gharama kubwa inaweza kumharibia kijana wa kata ya Kimemi au ya Mulekera. Njia ya kweli ni kuingia uwanja wa mazoezi, kupandisha au kushusha namba kidogo kidogo, na kubaki nayo siku kadhaa bila kuigusa, mpaka kidole kizoee.

Cha pili ni picha. Simu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi. Ikishuka hadi 30, inangoja milisekunde 33. Kwa hiyo mwenye simu ndogo anapata faida zaidi akipunguza uzuri wa picha na kuondoa vivuli, kuliko akicheza na picha nzuri zinazokwama adui anapotokea.

Cha tatu ni joto. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, vijana wengi wanacheza simu ikiwa kwenye chaja, maana moto umerudi na hawajui utaondoka saa ngapi. Simu ikipata joto, inapunguza nguvu yake yenyewe ili isiungue, na kulenga kunakuwa kuzito. Hali ya kuokoa betri nayo inaleta matokeo yale yale.

Kisha kuna mtandao. Mchezo unaonyesha kwa milisekunde muda wa kwenda na kurudi mpaka kwenye seva. Namba hiyo ikipanda sana, mchezaji anapiga mahali adui alipokuwa, si mahali alipo sasa. Hakuna mpangilio wa simu unaoweza kuleta seva karibu na Butembo. Kinachowezekana ni kutafuta mahali penye mtandao mzuri na kufunga programu nyingine zinazokula mega.

Siri zisizo siri

Wengi wanaambiwa pia wafungue sehemu ya watengenezaji katika Android na kubadilisha namba ya upana wa kioo, ile wanayoiita DPI. Kazi yake hasa ni kupunguza au kuongeza ukubwa wa maandishi na vitufe. Haiongezei simu nguvu. Akipita kiasi, mwenye simu anashindwa hata kusoma alichoandika. Anayetaka kujaribu aandike kwanza namba ya zamani kwenye karatasi.

Hatari kubwa iko kwa wale wanaouza kwenye WhatsApp na Telegram programu za "risasi ya kichwa moja kwa moja". Programu hizo hazitoki Play Store. Kwa kawaida zinaomba ruhusa ya kusoma ujumbe, kuona kioo na kufanya kazi juu ya programu nyingine. Mchezo wa kulenga hauna haja ya kusoma ujumbe wa mtu. Mwizi ndiye anayeuhitaji, kwa sababu humo zinapita namba za siri za kuthibitisha. Hata kama programu si ya wizi, Garena inafunga moja kwa moja akaunti za wanaotumia programu za udanganyifu, na almasi zote zilizonunuliwa zinapotea nayo.

Huku Beni na Butembo hasara hiyo haibaki kwa kijana peke yake. Mara nyingi simu anayochezea ni ya mama au ya kaka, na ndani yake kuna M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, kubeba pesa mkononi barabarani ni kujitia hatarini, na vita vya M23 upande wa Lubero vimezidisha hofu hiyo. Kwa jamaa nyingi, simu ndiyo sanduku la mtaji wa duka, karo ya shule na msaada kwa ndugu waliohama vijiji. Kumpa mtu asiyejulikana ruhusa ya kusoma ujumbe wa simu hiyo ni kumpa ufunguo wa sanduku.

Sheria ya numeriki ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia bila ruhusa katika mfumo wa mwingine. Lakini kumtafuta muuzaji aliye nyuma ya namba isiyo na jina ni kazi ngumu, na pesa zikishatolewa hazirudi kwa urahisi. Kinga iko nyumbani: namba ya siri ya pesa isijulikane na mchezaji, programu zitoke Play Store tu, na pesa za jamaa, ikiwezekana, zikae kwenye simu ndogo ya vitufe isiyochezewa.

Wazazi wanaokataza kabisa wana sababu zao, hasa katika miji ambamo mlio wa risasi usiku si mchezo. Wakiamua kuruhusu, waulize kwanza si namba ya sensibilite, bali ni programu gani mtoto ameingiza katika simu, na nani aliyempa.