Achameni, Tuangaliane

Kikombe chake tulikitenga. Hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu Jumapili tulipomzika. Hapa Lindi, barazani kwetu, muuza kahawa ana vikombe sita vinavyozunguka mkono kwa mkono, na hakuna anayeuliza nani kanywea kipi. Lakini kidonda cha kinywani cha mzee wetu Nahodha kilipoanza kutoa harufu, yeye akawa anatiliwa kwenye kikombe chenye ufa, kinaoshwa peke yake, kinafunikwa kando ya jiko. Aliona. Alifuta mate kwa kipande cha kanga ya mkewe, akatabasamu upande mmoja, akaaga mapema.

Tumezoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ni shahidi: Nahodha hakuficha. Alikionyesha kidonda chake kwa kila aliyetaka kutazama. Alianzia duka la dawa, akauziwa vidonge vya rangi mbili. Akarudi, akauziwa tena. Akarudi tena, akauziwa tena. Zahanati ikamwambia ni fangasi, ikampa dawa ya kusukutua. Mkata vimeo akamwambia kimeo kimerefuka, akakikata. Siku tatu mzee anatema damu. Jino lililokuwa jirani na kidonda lilipolegea likang'olewa, na lile shimo halikuziba mpaka anaingia kaburini. Watu wanne walimwambia "achama", wakachungulia, wakaona. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: mzee, hiki kidonda kina muda gani?

Kilikuwa na miezi kumi na moja alipofika Dar es Salaam na kukutana na daktari aliyeuliza. Akakatwa kinyama, kikapelekwa maabara. Saratani ya ulimi, hatua ya nne, imeshashuka kwenye tezi za shingo.

Chanzo mnakijua. Ugoro na magadi yake chini ya mdomo, sigara, gongo, na tambuu kwa wanaoila. Tumbaku na pombe zikikutana, hatari inazidi. Hata popoo peke yake, bila tumbaku, ilitangazwa mwaka 2003 na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa inasababisha saratani. Na sababu za kuchelewa mnazijua pia: pesa hakuna, mtaalamu hayupo, na kutoka hapa hadi kwenye mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 400. Haya tumeyalalamikia miaka nenda miaka rudi, huku tunakunywa kahawa.

Leo nataka tuzungumze aibu yetu. Daftari la rambirambi nililishika mimi. Kwa siku mbili zilipatikana laki saba na nusu: sanda, mchele, turubai, gari la kubeba waombolezaji. Hakuna aliyevutwa shati ili achange. Nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam na kurudi haifiki hata laki mbili. Mwezi wa pili wa kidonda, Nahodha alikaa palepale barazani akauliza kama kuna mtu wa kumkopesha nauli. Tukatazama vikombe vyetu. Mimi nilikuwepo, na pesa mfukoni nilikuwa nayo. Jamani, tunachangia jeneza kwa haraka kuliko tunavyochangia tiketi ya basi! Sisi ni watu wa namna gani?

Na ubaya wa ubaya ni kwamba saratani hii ya kinywa na koo haijifichi kama ya ini au ya kongosho. Aina zake nyingi zinaonekana kwa macho, zinapapaswa kwa vidole, zinasikika kwenye sauti. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa wanaogundulika na saratani ya kinywa au koo kabla haijasambaa, zaidi ya wanane kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishafika viungo vya mbali, hawafiki hata nusu. Tofauti ya makundi hayo mawili kwa sehemu kubwa ni kalenda.

Basi, ndugu zangu, tuanze na tochi ya simu. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mke amwangalie mume, mume amwangalie mke, mjukuu amwangalie babu. Mwenye meno ya bandia ayavue. Ulimi uinuliwe juu, uvutwe kushoto, uvutwe kulia, kwa maana kidonda kinapenda kukaa ubavuni mwake. Shavu livutwe kwa mpini wa kijiko. Mdomo wa chini ukunjuliwe pale ugoro unapolala. Tafuteni kidonda, doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, uvimbe. Kisha vidole vishuke shingoni, toka chini ya taya hadi mtulinga. Na mwenye sauti iliyokwaruza bila mafua, anayemeza kwa shida, anayeumwa sikio moja lisilo na usaha, au anayetokwa na damu puani upande mmoja, naye ahesabiwe.

Kuhesabu ndiko kwenyewe. Si kila kidonda ni saratani. Vingi vinapona ndani ya wiki mbili. Andikeni tarehe kwenye kalenda, na kama kalenda hamna, andikeni ukutani kwa mkaa. Zikitimia wiki tatu hakijapona, hakuna tena cha kusukutua. Ni hospitali, na neno la kusema huko ni moja: "Naomba kipimo cha kinyama."

Mwenye duka la dawa, ukimwona mtu anarudi mara ya pili na kidonda kilekile, usimuuzie. Mfukuze aende hospitali, utakuwa umemfukuza mbali na kaburi. Mkata vimeo, weka kisu chini, nakusihi. Mganga wa zahanati, uliza muda kabla ya kuandika dawa. Mama na baba, binti akifikia miaka ya kuchanjwa dhidi ya kirusi cha HPV, msimfiche: kirusi hicho husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na ya koo pia.

Diwani wetu, tutakuuliza kwenye mkutano wa hadhara: nani anakata kinyama katika wilaya hii, na siku gani? Wabunge, sheria ya bima ya afya kwa wote ipo tangu 2023. Isibaki kwenye makaratasi. Serikali ilete wataalamu, ilete vifaa. Na sisi tuwe na mfuko, kila baraza, kila kikoba, wa nauli ya mgonjwa, utolewe akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Kile kikombe chenye ufa bado kipo kando ya jiko. Nimemwambia muuza kahawa awe ananitilia mimi humo. Kesho baada ya magharibi nakuja barazani na simu yenye chaji. Wa kwanza kuachama nitakuwa mimi. Wa pili awe nani?