Gemu za Rununu ni Ngano za Leo: Kiswahili Kiko Wapi?

Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hii inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, kwani kila tuwaonapo vijana wa rika letu wameinamia rununu huishia kulalamika kwamba hawasomi. Katika makala haya mafupi ninashikilia kwamba wanasoma, tena kwa makini. Tatizo ni kuwa wanachokisoma hakijaandikwa kwa Kiswahili.

Nitazungumzia aina moja tu ya gemu. Kwetu Ikonge, Kaunti ya Nyamira, si ajabu kumkuta kijana wa bodaboda anayesubiri abiria akicheza gemu ya masimulizi yenye picha za vijiraba, iliyoundwa kwa kuiga michezo ya televisheni ya miaka ya 1980. Vielelezo vikuu vya gemu hizo vilitoka Japani: Dragon Quest mwaka 1986, na Final Fantasy mwaka 1987. Mwaka 2021 Final Fantasy ya kwanza ilitolewa upya, kwa rununu pia, bila kupoteza sura yake ya kizamani.

Muundo wake ni upi? Shujaa hutoka kijijini na silaha duni, huvuka misitu na mapango, hukusanya wenzake, hupambana na mazimwi, na hatimaye humkabili adui mkuu. Je, muundo huu ni mgeni kwetu? La hasha! Fumo Liyongo alitegewa mauti chini ya mkoma, naye akaziangusha koma kwa mishale bila kupanda. Alitoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Alikuwa na udhaifu mmoja tu, sindano ya shaba kitovuni. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze (1952), alitupa safari, majini na watu waliogeuzwa manyani. Mchezaji wa gemu hizi angejihisi nyumbani katika kazi hizo.

Tofauti iliyopo ni muhimu kwa mwanafasihi. Nyingi ya gemu hizi hazina sauti za wahusika. Kila kinachosemwa huandikwa. Mwanakijiji akieleza kwamba ufunguo umefichwa nyuma ya maporomoko ya maji, asiyeielewa sentensi hiyo atazunguka msituni hadi achoke. Huo ni mtihani wa ufahamu, na anayeufeli huadhibiwa na zimwi badala ya mwalimu. Kijana wa Ikonge huufanya mtihani huo kwa hiari yake, ila huufanya kwa Kiingereza. Toleo la 2021 nililolitaja linapatikana kwa Kifaransa, Kijerumani na hata Kikorea. Kiswahili hakimo.

Wapo watakaodai kwamba gemu hupoteza muda na kwamba hazistahili kuitwa fasihi. Sikatai kuwa muda hupotea. Hata hivyo, kujitenga kwetu hakutapunguza hata saa moja ya uchezaji; kutaziacha tu saa hizo mikononi mwa lugha nyingine. Kuhusu fasihi, tukikubali kuwa ngano ni fasihi kwa sababu ya wahusika, msuko na maadili yake, basi tutahitaji hoja nzito zaidi ili kuzifukuza gemu mlangoni.

Wenzetu wa Kameruni walishaonyesha njia. Mwaka 2016, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion, gemu ya kompyuta iliyochota katika visasili vya Kiafrika. Sisi tunaweza kuanza kwa udogo. Picha za vijiraba hazihitaji jeshi la wachoraji, na programu ya kuundia gemu ya Godot inatolewa bure. Kinachohitajika zaidi ni hadithi na lugha, na hivyo ndivyo tunavyovisomea. Kutoka Gusii pekee, kisa cha Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa Mwingereza Northcote mwaka 1908 kwa kuhimizwa na nabii Moraa, kinatosha kwa gemu nzima.

Ninapendekeza, basi, kila tawi la chama chetu liwaunganishe wanafunzi wa fasihi, wa tafsiri na wa kompyuta ili waunde gemu moja fupi ya Kiswahili. Nawaomba wahadhiri wetu nao waikubali kazi hiyo kama mradi wa kitaaluma, kwa kuwa mwanafunzi atakayeyaandika mazungumzo ya Liyongo gerezani atakuwa ameusoma utendi huo kwa undani kuliko wengi wetu.