Herufi za Katuni na Kijiko cha Chumvi

Mwezi huu tuache kidogo mapishi na ushonaji, tukae mbele ya kompyuta. Usigeuze ukurasa, mama mwenzangu. Hata mimi nilianza kwa kukiogopa kipanya.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Ngara kiliamua kutengeneza karatasi ya katuni kuhusu mtoto anayeharisha. Karatasi za maandishi matupu tulishawahi kuzigawa, tukazikuta sokoni zimefungia karanga. Katuni watu huisoma. Sisi tuliomcheka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, au Ndumilakuwili wa Sani, tunajua jinsi ukurasa mmoja ulivyozunguka nyumba kumi. Siku zile wachoraji waliandika maneno kwa mkono. Safari hii binti yangu wa kidato cha tatu alichora kwa kalamu, tukapiga michoro yake picha kwa simu, tukaiingiza kwenye programu ya GIMP, ambayo hailipiwi.

Ili wahusika waseme, unahitaji fonti, yaani umbo la herufi, na puto la kuwekea maneno. Fonti huja kama faili linaloishia na ttf au otf, mara nyingi likiwa ndani ya faili la zip. Fungua kwanza hilo la zip. Wengi hukwama hapo. Kisha bonyeza faili la fonti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Install". Funga GIMP, uifungue upya, na fonti itaonekana katika orodha.

Brashi za maputo zina mahali pake. Ndani ya GIMP fungua Edit, halafu Preferences, Folders, na mwisho Brushes; utaona jina la folda ya kunakilia mafaili ya gbr au abr. Chagua brashi kubwa, maana ndogo ukiikuza kingo zake hufifia. Puto liweke kwenye tabaka lake peke yake, ili uweze kulisogeza bila kuharibu picha. Mkia uelekee mdomo wa anayesema. Puto la wingu ni la mawazo, lenye miiba ni la kelele. Kusema kweli brashi hizi si lazima. Binti yangu alichoka kuzitafuta akachora mayai kwa mkono, nayo yakapendeza zaidi.

Fonti ndiyo iliyotuponza, na kosa lilikuwa langu. Nilichukua moja ya bure, nzuri kweli, yenye herufi kubwa tupu. Katika puto la muuguzi tuliandika la kufanya pakiti za dawa ya maji na chumvi zikikosekana: maji safi na salama lita 1, vijiko 6 vya chai vya sukari, na KIJIKO ½ CHA CHUMVI, vyote vya kusawazisha. Umeme ulikuwa unakatika, nikawa na haraka, nikachapa nakala moja ya kujaribia.

Bibi mmoja wa Rulenge, anayesoma akipitisha kidole chini ya kila neno, ndiye aliyenisimamisha. "Mwanangu, chumvi ni kijiko kizima?"

Nilitazama. KIJIKO CHA CHUMVI. Alama ya nusu haikuwepo! Aliyetengeneza fonti ile hakuichora. Aliacha nafasi tupu, na kompyuta haikusema neno. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto aliyeishiwa maji, inaweza hata kumletea degedege. Na sisi tulikusudia kuchapa nakala 200.

Tangu siku hiyo, fonti mpya naiandikia kwanza mstari wa majaribio: herufi zote, tarakimu 0 hadi 9, ½, alama ya kuuliza, na neno ng'ombe, kwani ile alama ya juu nayo hupotea. Vipimo tunaviandika kwa maneno: nusu kijiko. Tulihamia Comic Neue ya mwaka 2014, ambayo imeruhusiwa kuchapwa bila malipo na ina herufi ndogo pia. (Fonti nyingine ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu, soma maelezo yake.) Ile Comic Sans iliyozoeleka ilianza mwaka 1994, pale Vincent Connare wa Microsoft alipomwona mbwa wa katuni akisema kwa herufi ngumu za gazeti. Wasomi huicheka. Bibi yetu anaisoma vizuri, nami sioni la kucheka.

Karatasi ilikwenda kwa muuguzi wa zahanati, akaongeza puto la kumwambia mama aulizie vidonge vya zinki na asiache kunyonyesha. Halafu ikarudi kwa bibi na kidole chake. Nakala za Kabanga na Rusumo zimeshakwenda. Za Murusagamba zinasubiri mvua ipungue.