Skafu ya baba na usiku wa Algiers



Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga damu, tangu marehemu baba aninunulie skafu ya kijani na njano. Watani wetu Simba walipobeba ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo kuanzia 2017/18, nilizomewa sana kijiweni, lakini skafu haikutoka msumarini ukutani. Msimu wa 2021/22 tukatwaa kombe bila kupoteza mchezo hata mmoja. Nikajua kungoja si uzembe.

Lililonigusa zaidi ni fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, 2023. USM Alger walitufunga 2-1 kwetu, Uwanja wa Mkapa, tukaenda kuwafunga 1-0 kwao Algiers, na bado kombe likabaki kwao kwa mabao ya ugenini. Usiku ule, kwenye kibanda tulikotazama mpira, mzee mmoja wa Simba aliyeketi benchi la mbele aligeuka, akanishika bega: "Pole mwanangu, mmepambana." Hakucheka hata kidogo. Tangu hapo, watani wangu wakifungwa nawapigia simu kuwapa pole kwanza. Utani tunauacha hadi kesho yake.

Mwananchi,
Tandika, Dar es Salaam