Usiniambie huna wakati

Vijana wetu walio Doha na Dubai huniandikia: "Nilisomea kompyuta, sasa ni mlinzi. Nitaanza upya nikirudi nyumbani." Jamani, mnangoja nini?

Hebu mtazameni Jan Koum. Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, alitoka Ukraine na mama yake wakahamia Mountain View, California. Waliishi kwa msaada wa chakula wa serikali, naye akifagia duka la vyakula. Hakuna aliyemwahidi kazi ya kompyuta. Alijifunza mitandao ya kompyuta kwa vitabu vya mitumba: ananunua, anasoma, anavirudisha dukani. (Kitabu cha kurudisha hakilali miezi sita bila kufunguliwa, kama zile PDF zako!) Mwaka 1997 akaajiriwa na Yahoo. Mwaka 2009 akaanzisha WhatsApp, na 2014 Facebook ikainunua kwa mabilioni ya dola.

Najua mtanijibu: Marekani si Ghuba, na zamu ya saa 12 inamaliza mwili. Kweli kabisa. Wale wanaohubiri "fanya bidii tu utatajirika" wananiudhi hata mimi. Ugomvi wangu ni juu ya ile saa moja baada ya zamu, mnayoimalizia kwenye kundi la WhatsApp mkisambaza vichekesho. Yaani aliyekuwa mfagizi ametengeneza chombo, nanyi mnakitumia kuua saa ile ile aliyoitumia yeye kusoma!

Simu mnazo. Termux ni bure, na Python inaingia humo bila kompyuta. Anzeni leo usiku.