Nani Aliwafundisha Watoto Kumcheka Anayeimba Vibaya?

Kila msimu wa mashindano ya kuimba unapoanza kwenye runinga, wazee wetu hugombana na sketi. Nimewasikia wakigombana nazo tangu nikiwa shule ya msingi: sketi fupi, suruali zilizobana, viuno, vijana wa kiume waliosuka nywele. Bongo Star Search tunaijua kwa karibu miongo miwili sasa, na shtaka halijabadilika: kipindi hiki hakifai kutazamwa na familia, watoto wanaharibika. Upande wa pili nao una jibu lake la siku zote: acheni ushamba, vijana wanatafuta riziki.

Mimi nakubaliana na wazee kwamba kuna kitu mle kisichomfaa mtoto. Ninachokataa ni mahali wanapokitafuta. Wanakodolea macho kiuno cha aliyefika fainali, wakati uharibifu ulishafanyika wiki kadhaa nyuma, kwenye usaili, pale kijana aliyeimba vibaya alipogeuzwa kichekesho cha nchi nzima na sisi sote sebuleni tukacheka, wazee wakiwa wa kwanza.

Tuanze na sketi ili tuachane nazo. Naishi Mbagala. Mtoto wa Mbagala, Tandika au Manzese hahitaji king'amuzi ili aone kiuno kikizungushwa. Kukiwa na shughuli mtaani, turubai linafungwa katikati ya njia, spika zinapangwa, kigodoro kinapigwa mpaka usiku wa manane, na watoto wako mstari wa mbele kwa sababu hakuna aliyewafukuza. Wengi wanaolalamikia mavazi ya mshiriki wa kwenye runinga walichangia shughuli hiyo. Sisemi kwamba vigodoro ni sawa. Nasema kwamba mwenye hofu ya viuno angeanzia nje ya mlango wake, na akimaliza huko ataliona jukwaa la BSS ni la kistaarabu kabisa.

Serikali nayo hutumia rula ileile ya wazee. Novemba 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yake, na mapema mwaka huohuo TCRA ilikuwa imeshazuia nyimbo kadhaa zisipigwe redioni na kwenye runinga. Unaweza kuyaunga mkono maamuzi hayo au kuyapinga. Mimi naitazama rula yenyewe. Inapima maneno na mwili. Haina hata alama moja ya kupimia kejeli.

Sasa tazama usaili unavyotengenezwa. Vijana wanapanga foleni kutwa nzima. Wengine wamekopa nauli, wengine wamedanganya nyumbani kwamba wanakwenda kwa shangazi. Kati ya saa zote hizo za picha, kinachorushwa ni dakika chache tu. Maana yake kuna mtu alikaa kwenye chumba cha kuhariri akachagua. Alichagua wachache wenye sauti nzuri, kisha akachagua yule aliyesahau maneno, yule aliyevaa koti linalompwaya, yule anayeimba Kiingereza asichokijua. Akamwekea mlio wa kuchekesha chini ya sauti yake. Akahakikisha tunamwona jaji akijiziba uso. Hakuna lililotokea kwa bahati mbaya hapo. Yule kijana alidhani amekwenda kushindana, kumbe alikuwa amekwenda kuigiza vichekesho bila malipo na bila kuambiwa.

Muundo huu hatukuubuni sisi. Pop Idol ilianza Uingereza mwaka 2001, American Idol ikafuata Marekani mwaka 2002, na Simon Cowell akatajirika kwa ulimi wake kama wengine wanavyotajirika kwa sauti zao. Ndipo wenye vituo vya runinga walipogundua kwamba anayeimba vibaya anauza kipindi sawa na anayeimba vizuri, tena anapatikana kwa urahisi zaidi. Tuliponunua wazo la shindano, tulipewa na kicheko kama nyongeza.

Mtaniuliza, sasa mtoto anaumia wapi? Yeye hayupo kwenye foleni, yuko nyumbani kwenye mkeka.

Nitajibu kwa ninachokiona. Nyumba ninayopanga ina uwani mkubwa, na watoto wa wapangaji wana mchezo wanaouita "majaji". Watatu wanakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mmoja anasimama mbele yao na mwiko mkononi badala ya maikrofoni. Jioni moja nilikuwa nafua, wao wanacheza. Aliyesimama na mwiko alikuwa msichana wa miaka saba hivi. Aliimba kaswida aliyofundishwa madrasa, na aliimba vizuri. Haikumsaidia kitu. Jaji wa kwanza alimwambia, "Umetupotezea muda." Wa pili akauliza, "Hiyo sauti au mbuzi?" Wa tatu, mdogo kuliko wote, hakuwa na neno la kusema, akajiangusha tu kutoka kwenye ndoo akicheka, miguu juu. Nimeutazama mchezo huo mara nyingi tangu siku ile. Hakuna anayegombania kuwa mwimbaji. Wanagombania ndoo.

Hilo ndilo somo, na wamelishika barabara. Kati ya watu wote wanaoonekana kwenye kipindi kile, mwenye raha ni yule anayekaa na kuhukumu. Anayesimama na kujaribu ndiye mjinga. Mtoto akishalielewa hilo akiwa na miaka saba, usishangae akifika darasani akakataa kunyoosha mkono, au akamzomea mwenzake aliyekosea kusoma neno.

Kuna jibu moja ambalo huwa nalisubiri: "Huo ni utani tu. Sisi ni Waswahili, utani ni mila yetu." Nauheshimu utani kuliko wale wanaoutumia kama kinga. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana, lakini utani wao una sheria. Mtani wako anakujua na wewe unamjua. Akikupiga dongo leo, kesho unalirudisha. Ukifiwa, mtani yuleyule aliyekucheka ndiye anayekuja kushika jembe na kuwachangamsha wafiwa. Utani unaelekea kote kuwili, na nyuma yake kuna wajibu. Kijana wa kwenye usaili hana nafasi ya kumrudishia jaji hata neno moja, na akifiwa hakuna mtazamaji atakayekwenda kwao. Kiswahili kina neno la kicheko cha namna hiyo: kejeli.

Kuna na jibu la pili, la kisomi zaidi, linalomtaja Susan Boyle. Mwaka 2009 mama huyu wa Uskoti, mwenye miaka 47, alipanda jukwaani kwenye Britain's Got Talent, watu wakaanza kumcheka kabla hajafungua mdomo. Alipoimba, ukumbi mzima ukasimama. Wanaoipenda hadithi hii wanasema inafundisha watu wasimhukumu mtu kwa sura. Mimi naona inafundisha jambo baya zaidi: kwamba kosa lao lilikuwa kumcheka mtu mwenye sauti nzuri. Asingekuwa na sauti ile, kicheko kingeendelea, na hakuna ambaye angejilaumu. Heshima haipaswi kuwa zawadi ya wanaoimba vizuri.

Wala simaanishi kwamba mashindano ni ugonjwa wa kizungu. Pwani hii imeshindana kwa nyimbo kabla ya runinga kuwepo. Miaka ya 1990, TOT na Muungano waligawa Dar es Salaam nusu kwa nusu, na Khadija Kopa na Nasma Khamis walirushiana mipasho mpaka wapenzi wao wakawa hawasalimiani. Maneno yalikuwa makali, lakini aliyepigwa kijembe alikuwa na kundi lake, kinanda chake na jukwaa lake la kujibia. Na aliyekuwa anasikiliza alishiriki kwa kutunza: mama anainuka kitini, anacheza taratibu mpaka mbele, anampa mwimbaji noti mkononi, wanatazamana.

Tena tunajua hata namna ya kuwashindanisha watoto. Katika miaka ya karibuni, Uwanja wa Mkapa, hapahapa Temeke, umekuwa ukijaa watu mwezi wa Ramadhani kwa mashindano ya kuhifadhi Qurani yanayowaleta watoto na vijana kutoka nchi mbalimbali. Najua kusoma Qurani si kuimba, na atakayenikumbusha hilo atakuwa sahihi. Ninachokitazama ni jinsi uwanja unavyomchukulia mtoto anapokosea. Jaji anamwanzishia aya, mtoto anaendelea. Akiteleza anashtuliwa, anapewa nafasi ya kujirekebisha, na alama zinapunguzwa kimyakimya. Maelfu ya watu wanamsikia akikosea na hakuna anayecheka. Ukali upo, mshindi yupo, walioshindwa wapo, na runinga zinaonyesha. Familia zinatazama na hakuna anayejifunza kudharau. Vivyo hivyo kwenye kwaya: zile za Kijitonyama na Chang'ombe tulizokua tukizisikia kila Jumapili zilijengwa kwa mazoezi ya watu wengi, na ndani ya kwaya sauti dhaifu inabebwa na zenye nguvu mpaka nayo ikomae.

Kwa hiyo kejeli inaweza kuondolewa na shindano likabaki shindano. Mbona haiondolewi? Kwa sababu ina wanunuzi. BSS iliwahi kubeba jina la Epiq, bidhaa ya kampuni ya simu ya Zantel. Tusker Project Fame, iliyokusanya vijana wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2006, ilibeba jina la bia. Hapo ndipo ninapowashangaa wazee wa sketi: bia ambayo duka haliruhusiwi kumuuzia mtoto ilikuwa inatajwa sebuleni kila baada ya dakika kadhaa, nao wakawa wanapima urefu wa gauni. Mtazamaji naye, badala ya kutunza, anatuma ujumbe wa simu kumpigia kura kijana wake. Mama wa taarabu aliiona noti yake ikipokelewa. Mama wa leo anakatwa salio bila kujua kama mwimbaji anapata hata senti.

Nitaambiwa nataka kuziba riziki. Walter Chilambo alishinda mwaka 2012 akapata shilingi milioni 50, na leo nyimbo zake za injili zinapigwa kila mahali. Peter Msechu alikuwa wa pili BSS mwaka 2009, akawa wa pili tena Tusker Project Fame mwaka 2010, na jina lake lipo mpaka leo. Nawafurahia. Lakini angalieni na njia nyingine tulizonazo. THT, iliyoasisiwa na marehemu Ruge Mutahaba mwaka 2005, iliwatoa kina Barnaba, Linah na Mwasiti kwa kuwafundisha. Hapa Temeke, Mkubwa na Wanawe ya Said Fella iliwalea vijana waliokuja kuwa Yamoto Band, akiwemo Aslay, aliyeanza kusikika akiwa bado mvulana mdogo. Hao wote waliimba vibaya siku fulani. Walivunja sauti, walisahau mashairi, walitoka nje ya mdundo. Sisi hatukuwaona. Waliowaona ni walimu wao na wenzao, wakawaambia warudie. Hiyo ndiyo siri anayostahili kila anayejifunza, na usaili wa runinga humnyang'anya yule asiye na mtu wa kumtetea.

Ninachotaka si kikubwa. Waandaaji wasirushe usaili wa mtu aliyeshindwa mpaka kwanza wamwonyeshe mkanda ulivyohaririwa naye akubali kwa akili timamu, si kwa fomu aliyosainishwa akiwa kwenye foleni. Akiwa chini ya miaka 18 wasiurushe kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna inayomdhalilisha, na sioni kwa nini kamera isamehewe. Watangaze pia kila ujumbe wa kura unagawanywaje. BASATA na TCRA, ambao wameonyesha kwamba wakitaka kufungia wanafungia, waongeze kejeli kwenye rula yao.

Hayo yatachukua muda, na mengine huenda yasitokee. Lakini mzee anayesema analinda maadili ya nyumba yake ana kazi anayoweza kuianza wikiendi hii bila kibali cha mtu. Usaili ukifika, yule kijana mwenye koti linalompwaya akasimama mbele ya majaji na sauti ikamgoma, mzee asicheke. Watoto humtazama yeye kwanza kabla hawajaamua kama kuna cha kuchekesha.