Mtoto Aliyeshonwa Jeraha

Kando ya Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, watoto hucheza kati ya mitumbwi, nyavu na samaki walioanikwa. Kisu cha samaki, msumari wa mtumbwi au kigae cha chupa huweza kumkata mtoto wakati wowote. Mzazi humkimbiza zahanati, au Hospitali ya Mtakatifu Paulo iliyoko Kashikishi, naye hurudi ameshonwa. Wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini uzi hushikanisha ngozi tu. Uponaji hufanyika nyumbani.

Kwa siku mbili za kwanza mshono usilowe. Baadaye mama anawe mikono kwa sabuni, aoshe jeraha taratibu kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, alikaushe kwa kitambaa safi na kulifunika kwa shashi mpya. Bendeji iliyolowa au kuchafuka ibadilishwe mara moja. Maji mabichi ya ziwa yasiguse jeraha, na mtoto asiogelee mpaka nyuzi zitolewe na ngozi ifunge. Asipakwe majivu, mafuta ya taa, wala unga wa dawa za kumeza. Akiumwa apewe parasetamoli kwa kipimo alichoagiza mganga, wala asipewe aspirini.

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi. Kwa hiyo mtoto aliyeshonwa akipata homa, wazazi huweza kumpa dawa ya malaria bila kulitazama jeraha. Hapo ndipo penye hatari. Bendeji ifunguliwe. Je, kuna uvimbe, usaha au harufu mbaya? Je, maumivu yanazidi badala ya kupungua? Kwa kuwa wekundu hauonekani vyema katika ngozi nyeusi, mzazi apapase kwa mkono safi pembezoni mwa jeraha: pakiwa pa moto na pagumu, ni dalili mbaya. Hata jeraha likionekana zuri, mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe damu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Taya likikaza au mwili ukikakamaa, apelekwe hospitali saa ile ile, kwani huenda ni pepopunda. Kadi yake ya chanjo ichukuliwe pia, ili mganga ajue kama kinga yake imetimia.

Nyuzi za usoni kwa kawaida hutolewa baada ya siku 3 hadi 5. Za kichwani na mkononi, siku 7 hadi 10. Za mguuni na penye viungo, siku 10 hadi 14. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, hivyo mganga aulizwe mapema. Kamwe zisikatwe nyumbani kwa wembe.

Tarehe ya kurudi iandikwe mahali panapoonekana na wote. Baba akiitwa lindoni na mama akiwa sokoni, aliyebaki na mtoto ajue siku ya kumpeleka.